Gramu Moja Nje ya Plastiki

Mjini Baraka, Jumapili, saa kumi alasiri.

Mvua imekatika tangu saa nane, na ziwa limekuwa jeupe kiasi kwamba sioni linapoishia na mbingu inapoanzia. Hewa ya namna hii ni ya kulala. Badala yake nimekaa barazani na simu mapajani, nawaza dhahabu, na nimemnunia baba.

Nianze na ndoto, maana ndiyo iliyonifikisha hapa. Kwa miezi kadhaa, kila nikimaliza kukunja vitenge vyangu sokoni, nafungua lile soko kubwa la mtandaoni ambako watu wa dunia nzima wanauziana dhahabu. Vipande vidogo, kila kimoja na namba yake, kimezibwa ndani ya plastiki ngumu pamoja na karatasi ya ushahidi. Navitazama kama wenzangu wanavyotazama picha za harusi. Nawaza ni punje ngapi humo zilizotoka kwenye milima yetu ya Fizi, zikashuka mfukoni mwa mtu hadi ziwani, zikavuka, zikayeyushwa, zikapewa namba na jina la ugenini. Labda nyingi. Labda hakuna hata moja. Napenda kuamini kwamba zipo, na kwamba moja ilitaka kurudi kwao.

Basi nikanunua kipande kimoja. Gramu moja.

Dada yangu mkubwa, Furaha, anaishi Nairobi. Ndiye aliyeniagizia kwa akiba yangu ya vitenge, kwa kuwa mizigo ya soko lile haifiki huku. Akaunti ni yake, tunaitumia wote wawili. Mpango ulikuwa rahisi: bei ikipanda, tukiuze humohumo, tununue viwili, halafu vinne. Bei ikapanda kweli, na mnunuzi akapatikana. Furaha alitaka kipande kibaki kwake. Mimi nikang'ang'ania nikione kwanza, nikishike, halafu nimrudishie. Huo ni ujinga wangu na ninauandika bila kulazimishwa na mtu. Kililetwa wiki hii na mama mmoja wa kanisani kwetu, ndani ya kopo la maziwa ya unga, na Jumanne alikuwa arudi nacho.

Habari haikukaa ndani. Watu wakaniuliza kama mwezi ujao nitaagiza ndagala, hawa dagaa wa ziwa letu, kutoka Ulaya, nami nikacheka nao. Wengine hawakucheka, walinisikitikia. Walisema nimeuziwa shaba iliyopakwa rangi, ndiyo maana imefungwa isiguswe. Sikuwajali, kwa sababu najua sheria ya soko lile. Plastiki ikiwa nzima, mnunuzi anaamini bila kuuliza. Ikipasuliwa, kipande kinakuwa dhahabu ya kuyeyusha tu, na bei inashuka.

Baba hakuijua sheria hiyo. Sikumweleza.

Baba alikuwa mnunuzi wa dhahabu kule milimani, upande wa Kilembwe, kabla sijazaliwa. Alipima punje kwenye mizani yake ya mkono, njiti za kiberiti zikiwa ndiyo mawe ya kupimia, akakwaruza kwa wembe, akadondosha asidi, na mwisho akapeleka kila kitu motoni. Shaba motoni hugeuka nyeusi, kwa hiyo kwake dhahabu ambayo haijaonja moto ni maneno matupu.

Leo asubuhi, nikiwa kwenye kwaya kanisani, alikitoa kipande kabatini akakipeleka kwa fundi wa pete karibu na soko, ambaye hata Jumapili hafungi. Akapasua plastiki kwa wembe. Akakitia motoni mbele ya wote waliokuwa wamekaa pale.

Niliporudi alikuwa ananingoja mlangoni, kipande kikiwa kwenye kiganja chake, pembe moja imekunjika.

"Iko zahabu ya kweli, mama," akaniambia. "Moto haikuigeuza ata kidogo."

Nilimpita nikaingia ndani. Nikamwandikia Furaha, na kabla ya saa sita mnunuzi alikuwa amejitoa. Dhahabu ipo, naweza kuiuza hapahapa Baraka kesho kwa bei ya punje yoyote. Lakini haitatosha kununulia kipande kingine kama kile. Viwili havipo tena, wala vinne. Nililia kidogo, halafu nikalala, nikaota naogelea kwenye maji ya njano.

Aliyeniamsha ni shangazi, dada yake baba. Alileta bugali na samaki, akaona nimevimba macho, akakaa kitandani kwangu.

"Bantu balikuwa banamucheka baba yako," akasema. "Banasema mutoto balimuibia sawa vile balimuibia yeye. Ndiyo akabeba ile kitu, baone na macho yabo."

Hadithi hiyo naijua, ila siku zote nimeisikia kwa mzaha. Kule Kilembwe baba aliuziwa shaba iliyosagwa ikachanganywa na dhahabu. Akapoteza kila alichokuwa nacho, akashuka Baraka na begi moja, na watu wakamcheka miaka mingi. Tangu hapo hakununua tena.

Shangazi alikuwapo pale kwa fundi. Anasema baba alifumba macho kipande kilipoingia motoni. Hakuwa na hakika. Kilipotoka kimebaki njano, alizunguka nacho akimwonyesha mtu mmoja mmoja, mpaka wapita njia, akisema binti yake anajua kununua.

Sijawahi kusikia baba akinisifu. Nimehadithiwa.

Shangazi alipoondoka nikatoka hapa barazani. Kwenye simu, lile soko likaniuliza aliyeniuzia kipande alikuwaje, nimpe nyota ngapi. Huyo mtu sitamwona maisha yangu yote, sijui hata kama kwao leo kunanyesha. Nikampa nyota tano. Nikaandika kwamba uzito ni sawa, na kwamba dhahabu yake imepimwa kwa moto na haikubadilika. Nikamshukuru mara mbili.

Ndipo nikashtuka.

Mgeni nimempa nyota tano kwa kutoniibia. Baba, aliyekwenda kunisimamia mbele ya watu huku akiogopa, tangu asubuhi nimemnyima hata salamu.

Namwona uani, anapanga kuni zilizolowa. Ameshazipanga mara tatu, na kila mara anatupa jicho huku. Naacha kuandika. Naenda kukaa naye.