Kilichompata Desderius Milimani Karakol

KITUO CHA POLISI, KAYANGA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Samiha Isihaka. Umri: miaka 36. Dini: Mwislamu. Kazi: mwongoza watalii. Makazi: Kayanga, Karagwe. Tarehe: 2 Oktoba 2024.

Nimekuja mwenyewe kituoni kwa sababu Elipidius, kaka wa marehemu Desderius, anatangaza mitaani kwamba nilimtelekeza ndugu yake ugenini. Jana alisimama mlangoni kwangu bila hata salamu. Naogopa kulala pale.

Mnamo tarehe 13 Septemba mimi na Desderius, aliyekuwa akiongoza wageni kwenye chemchemi za maji moto za Mtagata, Kyerwa, tulifika Karakol, mji wa milimani nchini Kirgizistani. Waongoza watalii wa huko walitualika tuone kazi yao. Mwenyeji wetu, Nurlan, alitutembeza. Niliswali katika msikiti wa Wadungani, Waislamu wenye asili ya Uchina, uliojengwa kwa mbao bila misumari. Desderius alisali katika kanisa la mbao la Warusi. Jumapili tulikwenda soko la mifugo. Wakirgizi, Warusi, Wauiguri, wote walikuwepo wakibishania kondoo. Desderius alicheka, akasema ng'ombe wenye pembe fupi vile angeona aibu kuwapeleka Kyerwa, kwenye ng'ombe wa pembe ndefu.

Tarehe 16 tulipanda kwenda Altyn Arashan, penye chemchemi za maji moto kama zetu. Gari lilikwama mtoni, tukatembea. Mnamo saa tisa alasiri ukungu ulishuka, theluji ikaanza. Desderius alikuwa nyuma yangu. Nilisikia mawe yakiporomoka. Nilipogeuka, njia ilikuwa imemeguka na yeye hayupo.

Nurlan alikimbia bondeni kutafuta watu na kamba. Simu hazikushika mtandao. Nililala kifudifudi ukingoni, peke yangu, sioni kitu. Kisha nikamsikia kule chini, anaita kwa Kinyambo, lugha ya kwetu. Nilimuuliza kama anaweza kusogea. Alisema miguu haina hisia, na maji yanampita mgongoni.

Akasema, "Dada, usinyamaze. Nikikusikia siogopi."

Nikaongea. Nilimtajia vijiji vya kwetu, Kihanga, Chonyonyo, Kamuli, nani anakaa wapi, ndizi za nani zimekomaa. Meno yangu yalikuwa yanagongana kwa baridi. Mawe yaliteleza chini ya kifua changu, nikajua ukingo unaweza kunichukua na mimi. Sikuondoka. Baadaye aliacha kujibu. Niliendelea, maana nilidhani huenda bado anasikia.

Wachungaji wa mifugo walioitwa na Nurlan walikuja na farasi. Walipompandisha alikuwa ameshafariki. Mama mmoja mzee miongoni mwao aliniwekea kiganja mdomoni, taratibu. Sikujua kwamba nilikuwa bado naongea.

Elipidius anasema nilimwacha. Sikumwacha. Niliyoyaona na kuyasikia ndiyo hayo, na haya ndiyo maelezo yangu.

Sahihi: S. Isihaka

Uthibitisho wa askari: Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekubali ni sahihi. Alipoambiwa kuna ndugu wa marehemu amekaa kwenye benchi nje, alikataa kutoka, akidhani ni Elipidius. Aliyekuwepo ni mjane wa marehemu, Salvina, peke yake. Niliwakutanisha mbele yangu. Mjane aliuliza jambo moja tu, kama mumewe alikufa akiwa peke yake. Shahidi alijibu hapana. Wameondoka pamoja.

Koplo Mugisha