Friza Imelalaje, Shangazi?

Mwaka umeshakatika tangu utuache, Shangazi, na tunakujulisha kwamba familia yako imeachana kabisa na mambo ya protini. Hakuna mtu wa nyumba hii anayeyataja wala kuyaota. Maabara yako tunaipita kama duka lililofungwa.

Tunakumbuka asubuhi zako. Kabla hujamwamkia Bibi, mama yako mzazi, ulishashika simu kuwauliza wenzako wa maabara za nchi jirani: "Friza imelalaje?" Bibi naye kutoka jikoni: "Na mimi mgongo umeniamsha, kama kuna anayejali!" Uliziba simu kwa kiganja, ukacheka, "Shikamoo mama, nakuja," kisha ukarudi kwenye baridi za watu.

Ulitueleza mpaka sisi tulioishia kidato cha nne tukaelewa. Protini za damu huutaja ugonjwa kabla mgonjwa hajaanguka, ila zikipata joto zinaharibika na kusema uongo. Na maabara iliyo peke yake hudanganywa na mashine yake. Kwa hiyo sampuli moja uliigawa, mkapima kila mtu kwake, na ilikuwa mwiko kuamini jibu lako mpaka mpigiane simu. Mtandao wako ulikuwa huo tu: friza chache na mdomo wako usiochoka.

Bosi wako alikuita Mama Maharage. "Protini si ziko kwenye maharage? Watu wayale, yaishe!" Mkutano mzima ukaangua kicheko. Ulicheka nao. Nyumbani ukatupikia maharage wiki nzima, ukidai ni utafiti, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Kisha ukaumwa wewe. Mashine ya kukupima ilikuwepo, ng'ambo ya mpaka tu, imo ndani ya sanduku lake la mbao, ikisubiri sahihi ya bosi huyohuyo ili maabara zote ziitumie. Damu yako ikapandishwa ndege kwenda ughaibuni. Jibu lilifika tukiwa tunarudisha viti vya msiba: ugonjwa unatibika, ukiwahiwa. Baba, kaka yako, alilisoma mara moja, akakaa chini palepale na suruali yake ya mazishi.

Sasa mtandao umezinduliwa rasmi, Shangazi. Bosi kakata utepe, kapiga picha, kawa mwenyekiti. Sahihi ya ile mashine ilipatikana siku hiyohiyo. Chumba chako ndicho ofisi yake. Friza yako imesukumwa koridoni, jirani na choo. Kwenye uzinduzi sisi tulikalishwa nyuma kabisa, kila mtu na chupa yake ya maji, na jina lako halikutajwa hata kwa bahati mbaya. Simu za asubuhi kazipiga marufuku. "Tuna mfumo," alisema. "Umbea basi." Tukajua friza yoyote ikizima hakuna atakayegutuka, na kazi ya maisha yako itakuwa maji ya kupigia deki. Tukasema, shauri yao.

Tulikuwa tumefika hapo kuandika kumbukumbu hii, Baba akiwasomea watu wa sebuleni kwa sauti, fundi wako wa maabara alipoingia kutusalimia. Akasikiliza. Akanikazia macho mimi ninayeandika.

"Shauri yao? Na huyu anayenipigia kila asubuhi sijanawa uso ni nani? Juzi friza ya wenzetu ng'ambo ilizima, mfumo kimya. Wameokoa sampuli zote kwa sababu kuna kijana kapiga simu: 'Friza imelalaje?' Kwa sauti ya marehemu kabisa, mpaka mlinzi kaangusha kikombe!"

Baba akashusha karatasi, akasema hilo nalo liandikwe, na uongo wa mwanzo uachwe ulivyo, uusome.

Bibi akanigeukia. "Kumbe!" akasema. "Na mgongo wangu hujawahi kuupigia."

Wanaokukumbuka siku zote, wanaokiri na wanaojifanya: mama yako na mgongo wake, kaka yako, wifi yako, fundi wako, na mtoto wa kaka yako, aliyekamatwa mbele ya mashahidi. Hatutakusahau kamwe, Shangazi.