Mama Mkwe Kanikuta Naidunga Sura Yake

Bi Moza mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya Jumapili maana sili wala silali. Mimi ni mke wa Erasmo, tunaishi Mtanda hapa Lindi, na kwetu ni Kipatimu ambako Sista Brigita wa misheni alinifundisha picha za sufu: unanunua sweta la mitumba, siku hizi yamejaa tele sokoni, unalichambua hadi liwe laini kama pamba, unatandaza juu ya blanketi kisha unadunga kwa sindano yenye vijimeno, unadunga weee hadi sufu ishikane na sura itokeze, mtu akipapasa anaisikia mikunjo ya uso. Basi nikaanza sura ya mama mkwe wangu, Mama Apolonia, iwe zawadi yake ya Pasaka, nikawa naificha, na Jumatatu akaingia bila hodi akanikuta nadunga mdomo, tena nisikufiche, asubuhi ile alinisema mbele ya majirani kwamba sijui kupika mboga, kwa hiyo pale mdomoni nilikuwa nadunga kwa hasira. Kesho yake kaamka jino linamuuma, shavu limevimba! Amehamia kwa dada yake kule Kiswere, anasema nimemroga, na Erasmo kaniambia niichome moto picha ile kabla ya Jumapili au nirudi kwetu. Nisipochoma naachwa, nikichoma si nitakuwa nimekiri?

Restuta, Mtanda

Marahaba, Restuta. Pole, ila mengine umejitakia. Unamtengeneza mtu mzima kwa siri, umejificha na sindano, ulitaka afikiri nini? Hata mimi ningehama.

Usichome kitu. Picha inaweza kuelezwa, majivu hayaelezeki. Erasmo naye aache kutoa amri, ampeleke mama yake hospitali jino likatazamwe.

Wewe nenda Kiswere kabla ya hiyo Jumapili, mchana kweupe, na picha, sufu na sindano. Piga magoti, omba radhi kwa kumficha. Kisha dunga msalaba mbele yake na dada yake, waone kwamba hata msalaba hudungwa vilevile, na umpe sindano ajaribu mwenyewe.

Akikuuliza kama ulikuwa na hasira naye, usimung'unye maneno. Sema ndiyo. Atafoka, mwache afoke. Mama mkwe anayekufokea bado anakuhesabu wa kwake. Akinyamaza, hapo ndipo ufungashe.