Muuaji wa Kwenye Simu

Kikuyu, Jumatano usiku

Leo tena nimemshtaki mpishi, kumbe hana hatia. Mjukuu wangu Zuhura akacheka mpaka simu ikamponyoka. "Mume wangu, uzee wako utawafunga watu bure!" Ndio utani wetu kila alasiri, tukicheza mchezo wake wa kupeleleza mauaji hapa kitandani kwangu.

Kisha akasema taratibu, "Lakini Babu, humu muuaji lazima apatikane. Asipopatikana, mchezo hauishi."

Nikaiweka simu kando. Baba yake, mwanangu wa pekee, aligongwa na lori akafa pale Kibaigwa, dereva hakusimama. Mpaka leo hatumjui.

Nakiri hapa, maana mbele ya Zuhura sithubutu: nimechoka kungoja, na nitakufa bila kumpa jina la mtu yule.