Diski Uliyoifuata Songea

Deo, ndugu yangu,

Kompyuta haiioni. Nianze na hilo, maana najua ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya salamu.

Ile diski mpya uliyoifuata Songea tuliikuta kwenye mfuko wa koti lako. Gari lilipinduka, wewe ukaondoka, yenyewe haikupata hata mkwaruzo. Dada yako alinikabidhi baada ya matanga, akasema, "Skola, hii ni ya dukani kwenu." Nikaitia kwenye droo. Sikuwa na moyo wa kuifungua.

Unakumbuka kwa nini tuliitaka. Kompyuta yetu ukiiwasha unaweza kuinjika maharage ukayala. Watu wa Kitura walikuja kuchapisha wasifu wa marehemu wao, padre ameshavaa, sisi bado tunaitazama inavyojivuta. Ulisema, "Aibu hii sasa basi." Na wasifu wako, Deo, niliuchapa kwenye kompyuta hiyo hiyo. Ilikwama nilipofika kwenye jina la mama yako. Nikalia, nikaiwasha upya, nikaanza tena.

Wiki hii nimeifunga diski yako kwenye kompyuta mwenyewe, kama ulivyonielekeza. Nikawasha. Diski ya zamani ipo, yako haipo. Nikaichomoa, nikasugua meno yake kwa kifutio, nikairudisha, nikakaza skrubu. Haipo. Nikaingia hadi kwenye ule ukurasa wa mipangilio, pale ulipokuwa unanifukuza nisije nikaharibu. Haipo. Kwa kuwa nimezaliwa Liuli, kwenye dagaa wa ziwani, nilijua ungenitania nini: "Mla usipa wewe, umeichomeka kichwa chini." Sikuichomeka kichwa chini, Deo.

Nikaipeleka kwa fundi wa karibu na soko. Kwenye kompyuta yake ilionekana papo hapo. Akaniambia diski ni nzima na kompyuta yetu ni nzima, ila hii si ya aina yake. Inaingia kwenye tundu vizuri kabisa, lakini haitasomeka kamwe. Aliyekuuzia alikupa isiyo yenyewe. Akasema niiache pale, anibadilishie na inayofaa. Nikamnyang'anya mkononi. Alidhani nimechanganyikiwa, na sijui kama alikosea.

Ulikufa ukifuata kitu kisichofaa. Nimejaribu kulisema kwa namna nyingine, nimeshindwa. Duka linadorora, wateja wanakwenda kwingine, nami sina hamu ya kuwaita.

Jana mama yako alikuja kutoka Mkumbi, ameniletea kahawa kidogo ya kutwanga. Nilipomaliza kumwamkia, akaitazama kompyuta, akauliza, "Mwanangu, kile alichokifuata mwenzako kinafanya kazi?" Nikasema, "Kinafanya, Mama." Akataka kuona. Nikabonyeza. Akatoa rozari yake, akawa anasali tukisubiri, nami sikuthubutu kumwangalia usoni. Alikuwa amemaliza Salamu Maria zote kumi za tendo moja kioo kilipowaka.

Akaigusa kompyuta pembeni, taratibu, akasema, "Kumbe ina kasi hivi. Basi hakwenda bure."

Pumzika, Deo. Diski nimeirudisha kwenye tundu lake na haitatoka humo. Kila mara mama yako atakapokuja, nitamwashia.

Mwenzako wa dukani,
Skola