Mlango wa Tano

Mama yangu,

Maji yamerudi. Jumatatu asubuhi mtaro wa Nakivubo ulifurika tena, ukaingia bila hodi kwenye vile vyumba vya kupanga ulimokuwa ukiishi. Matope hayajakauka, mwenyekiti wa mtaa akapanda mpaka kwangu Lubaga na daftari lile lile la jalada jekundu. "Nyabo, chukua daftali," akasema kwa Kiswahili chake cha Kiganda. "Wewe najua watu ya huku." Nilimwambia aondoke nalo. Mume wangu alishangaa, maana mimi si mtu wa kumfokea mgeni mlangoni. Lakini daftari lile lina majina ya wapangaji wote wa mwaka jana isipokuwa lako, na aliyeliruka jina hilo ni mimi.

Nakukumbuka Bukavu, mwaka ule mlima uliposhuka na nyumba za majirani baada ya mvua. Wanaume walichimba, na wewe ukainjika masufuria uani, ukawapakulia wote bugali na sombe, kisamvu cha kwetu: wachimbaji, wafiwa, hata wale waliokuja kutazama tu. Mwishowe ukabaki ukoko. Uliukwangua, ukanipa nusu, nami nikanuna kwa njaa. Ulicheka ukanipiga kikofi mgongoni. "Mwenye kushika mwiko anakulaka wa mwisho." Siku ile ile ulinifundisha kwamba mtu aliyepoteza nyumba haulizwi anataka nini, kwa sababu atasema hataki kitu. Aulizwe amelala wapi.

Tulipokimbilia huku Kampala hukubadilika. Ulitembeza vitenge kichwani hadi Kyambogo, kwa wake wa walimu, ukirudi na miguu imevimba na umbea wa mji mzima. Nilipoolewa nikakuomba uje tuishi wote. Ukanitazama kana kwamba nimetukana. "Miye nilale kwa mukwe wangu? Batu batasema nini?" Mume wangu alikusihi kwa heshima zote, akiwa amesimama nje kama inavyopasa. Ukamshukuru, ukabaki bondeni, mlango wa tano.

Mwaka jana maji yalipokuja, kanisa letu lilileta magodoro na blanketi, na mwenyekiti akataka mtu wa kuandika majina. Watu wakanitaja mimi, kwa kuwa nawashonea nguo na nawajua mpaka viuno vyao. Ulijaa fahari. Tulipanga, kwa shauri langu, kwamba anayekutwa mlangoni kwake ndiye anayeandikwa, ili wadanganyifu wasije kutoka mitaa mingine. Mpango ulionekana mzuri, mpaka nilipofika mlango wa tano na kukuta hupo. Ulikuwa mlango wa nane, umepiga magoti, unamkombea matope bibi kizee mmoja asiyeweza kuinama.

Nilikufuata na kalamu. Hukuinua hata uso. "Andika kwanza bale bengine. Miye niko mama yako, utaniandika nyuma." Halafu ukashusha sauti: "Faida, usinipatishe haya mbele ya batu." Nami nilijua unachoogopa. Wangesema mwenye daftari ameanza na mama yake. Kusema kweli, niliogopa maneno hayo kuliko wewe. Nikafungua ukurasa mwingine, nikaendelea.

Magodoro yaliisha kabla mlango wa mwisho haujafikiwa, na jina lako sikulirudia. Nilikuletea blanketi letu la nyumbani. Kesho yake nikalikuta kwa bibi kizee yule. Godoro lako la zamani ulikuwa umelianika juani, na kwa juu lilikauka vizuri tu. Nililigusa kwa kiganja nikaridhika. Sikulibonyeza, Mama. Ningelibonyeza maji yangetoka. Mimi ndiye niliyekuwa napita mlango kwa mlango nikiuliza, "Jana mlilala wapi?", na wewe sikukuuliza.

Kikohozi ulikiita cha vumbi. Ulipokubali kwenda hospitali, tayari ulikuwa unahesabu pumzi kati ya neno na neno. Kwenye matanga watu walikusifu sana: mama wa wote, mtu asiyejipendelea. Nilikaa mkekani nikiwasikiliza, nikitamani mmoja tu asimame anitukane. Hakuna aliyesimama, na wengine walinisifu kwamba nimefuata nyayo zako.

Kwa siku mbili nilikataa daftari. Siku ya tatu nikasikia kwamba kuandika majina kumeanza, kwa mpango wetu ule ule wa kukutwa mlangoni. Nikavaa mabuti ya mpira nikashuka. Nikamwambia mwenyekiti, mbele ya watu, kwamba mpango ule niliutunga mimi na ni mbaya, kwa sababu wasiokuwepo milangoni ndio wanaosaidia wenzao. Tutakwenda mlango kwa mlango, na kila jirani amtaje asiyekuwepo. Hakuna atakayerukwa, hakuna atakayengoja kwa adabu. Mwandishi naye aandikwe kwenye zamu yake, na ndugu zake vivyo hivyo. Mwanamume mmoja akaguna, "Eeh, sasa zamu ya ndugu za wakubwa." Nikamjibu kwamba mkubwa mwenye ndugu hapa ni mimi, na ndugu yangu yuko kaburini.

Halafu tulianza kuyabonyeza magodoro, moja baada ya jingine. Linalotoa maji hesabu limekufa, hata kama juu limekauka. Vijana walicheka mwanzoni kuniona napiga goti juu ya magodoro ya watu. Baadaye walibonyeza nao.

Mlango wa tano sasa anaishi msichana kutoka Uvira, na mtoto wa mgongoni. Alikuwa anasukuma matope kwa kipande cha bati. Nilipomuuliza jina akatabasamu kwa aibu, akasogea pembeni.

"Miye ningali mugeni hapa, dada. Andika kwanza bale bengine."

Nilimfokea, Mama. Nilimfokea mpaka mtoto akaamka. Nilisema, "Hapana! Sema jina lako!" nikaikandamiza kalamu hata ikachafua ukurasa. Akalitaja huku ananitazama kwa hofu. Nikaliandika, mstari wa tano, kisha nikamwomba radhi. Jioni godoro lilipofika nililibeba mwenyewe nikalitandika pale pale ulipokuwa ukilala, juu ya matofali, nikalibonyeza kila pembe.

Ulinilea nikutii, na maisha yangu yote nimekutii. Siku moja tu nilipaswa kukuasi, mbele ya watu wote, nikuaibishe kwa godoro. Sikuweza.

Lala pakavu, Mama.

Kifungua mimba wako,
Faida