Kitanda Kimoja, Cape Town

Kibaha, Jumamosi

Durban tumeiondoa kwenye orodha ya miji. Sijasikia baya lolote kuihusu, ila kwenye gesti zake hakuna aliyepokea simu, na mimi jambo nisilolithibitisha silipitishi.

Mdogo wangu Idrisa alifika mchana kutoka Kisarawe akiwa na Beni, mpenzi wake wa miaka sita. Wanataka wiki moja Afrika Kusini, katika mji ambao hawatahitaji kudanganya. Huku kwetu, kwenye kila kitabu cha wageni cha gesti, hujiandika binamu. Tatizo ni ile safu ya kabila: mmoja Mzaramo, mwingine Mhaya.

"Dada, mtandaoni wanasema Cape Town ni salama," alisema Idrisa.

"Mtandaoni wanasema pia nimestaafu, na jana nilikuwa kazini. Lete namba za gesti."

Johannesburg, mhudumu alisita mno kabla ya kusema karibuni. Sikupenda. Cape Town, mama mmoja alipokea. Nikamwambia wazi: wanaume wawili, wapenzi, kitanda kimoja.

"Sawa. Wanakula mayai?"

Beni alicheka mpaka akatoka nje. Idrisa akachukua simu, akasema bila kunong'ona: "Mimi nakula. Mpenzi wangu hali."

Sikuwa nimewahi kumsikia akilitamka neno hilo mbele ya mgeni.

Hofu yangu ni kurudi kwao. Picha zikibaki kwenye simu, mtu akaziona... Nilimwambia.

"Basi hatupigi picha, dada. Tutakuja kukusimulia."

Wakirudi, nimewatengea siku nzima.